Walimzika Vizuri

Kilichosikika kwanza ni udongo. Pu. Kimya kidogo. Pu, pu. Ilikuwa Jumatano moja ya Januari, saa nane mchana, saa ambayo wanaume wa Wodi ya Amri hutakiwa kujilaza baada ya ugali, na muuguzi Janeth alikuwa ofisini akijaza fomu za mwezi. Alidhani kuna mtu anamwaga maharage sakafuni. Alimsubiri amalize, hakumaliza, akachukua funguo akaenda kuangalia.

Leonidas alikuwa amelala chali kwenye kitanda cha sita, mikono ubavuni. Udongo mwekundu, mbichi, ulikuwa unamwangukia kutoka mahali fulani chini kidogo ya dari, bonge baada ya bonge, kwa mwendo wa watu wawili wanaopokezana chepeo. Ulikuwa umeshafunika miguu na tumbo. Dari ilikuwa nzima.

"Nani kaleta udongo wodini?" Janeth aliuliza.

"Hakuna, sista. Unaanguka wenyewe."

"Unakuumiza?"

"Mzito kidogo."

Janeth alimwambia afumbe macho usimwingie. Ilipofika saa nane na nusu udongo ulikoma. Yakafuata mapigo ya bapa la chepeo, pa, pa, pa, kama watu wanaposawazisha tuta, kisha kukawa kimya. Leonidas alijikung'uta, akaomba ufagio, akafagia mwenyewe mpaka chini ya vitanda vya jirani. Janeth alirudi ofisini akaandika kwenye fomu yake: Usafi, tano juu ya tano.

Kitanda cha saba kilikuwa cha Antipasi, mzee wa Kintinku aliyekuwa amechimba visima na makaburi maisha yake yote kabla ya kuletwa wodini. Alichukua udongo kidogo, akaupikicha kwa vidole.

"Huu si wa shambani," alisema. "Huu umetoka chini ya futi tano. Hebu unuse. Ni wa kwenu?"

Leonidas aliunusa. "Wa kwetu."

"Basi pole sana. Umezikwa."

Wanaume wa wodi walikuja mmoja mmoja kumpa mkono wa pole. Jioni walikaa matanga upande wa kitanda cha sita, wakatoa sukari yao ya siku tatu, na Leonidas naye akatoa yake, kwa sababu alikuwa mtu wa kushirikiana na wenzake na hata hilo limo kwenye fomu.

Wodi hiyo ilikuwa nyuma ya mawe makubwa, nje kidogo ya mji wa Singida. Waliokuwamo walikuwa wametenda makosa wakiwa wagonjwa. Mahakama ilisema walitenda, lakini akili hazikuwa zao, ikatoa amri wakae hapo mpaka itakapotoka amri nyingine. Leonidas alikuwa na miaka kumi na mitatu humo. Alimuua baba yake, mzee Joseph, kwa mpini wa jembe, asubuhi moja ya Januari, kwa sababu sauti kutoka kwenye redio iliyozimwa ilimwambia mzee anamchimbia shimo. Mwaka wa pili, kwa vidonge, sauti iliondoka. Mzee hakurudi. Leonidas alilijua hilo kila siku alipoamka, kabla hajakumbuka jina lake mwenyewe.

Kila mwezi Janeth alimpima kwa mambo saba: kuoga, kula na wenzake, kufanya kazi, kusalimia, kumeza dawa, urafiki, na ndugu. Kila jambo lilikuwa na alama tano. Leonidas alipata tano mfululizo katika mambo sita. Kwenye ndugu alipata sifuri, miaka kumi na mitatu, maana hakuna aliyewahi kuja wala kujibu. Fomu hiyo haikujumlishwa. Sifuri moja ilitosha kumbakiza mtu ndani.

Bodi ya wagonjwa ilikaa kila Julai. Ili imruhusu mtu, ilitaka barua ya kijiji chake, yenye sahihi ya ndugu wa damu na muhuri wa Mtendaji, kwamba akirudi watampokea. Afisa ustawi wa jamii, kijana mmoja aitwaye Nathan, alikuwa ameshaandika mara tatu. Leonidas hakutaka kingine duniani zaidi ya barua hiyo. Alikuwa na mfuko wa rambo wenye shati moja safi, lililokunjwa tangu mwaka wa nne.

Wiki ya pili ya Februari, kifuani pake upande wa kushoto, mche ulichipua.

Daktari aliutazama, akapitia orodha ya magonjwa yanayotibiwa katika wodi ile, akaona haumo. Akaandika rufaa kwa afisa ugani. Afisa ugani alikuja kwa pikipiki siku ya Ijumaa, akachuchumaa kando ya kitanda.

"Ni alizeti," alisema. "Mbegu ya kienyeji, ile ndefu. Nani alipanda?"

"Sijui, afisa."

"Kwa kawaida mche na mche tunaachia sentimita thelathini. Kifua chako kinatosha mmoja. Ukichipua wa pili, ng'oa." Alifikiri kidogo. "Na usilale kifudifudi."

Ule mche ulimletea Leonidas heshima. Wenzake waligeuza kitanda chake kikatazama mashariki. Antipasi alijipa kazi ya kufukuza ndege, akakaa dirishani na kopo lenye mawe, na mtu yeyote aliyepita karibu mno alitukanwa kwa Kigogo. Ua lilipofunguka, Machi, watu ambao hawakuwa wamesemezana tangu walipoletwa walikuja kukaa chini yake mchana. Ndege mmoja tu aliwahi, Jumapili ambayo Antipasi alikuwa kwenye ibada, akanyofoa pembe moja ya ua, upande wa kulia juu.

Jambo lingine lilikuwa mapigo ya moyo wa Leonidas. Janeth aliyasikia kwa mbali sana, kama mtu anayetwanga nyumba ya tatu. Aliandika: Yapo.

Mwezi wa Mei Nathan alipata gari la ofisi na mafuta ya kwenda na kurudi. Alisema barua hazisaidii, ni bora ndugu wamwone mtu mwenyewe. Leonidas alivaa lile shati safi, akalikata tundu kifuani ili ua lipite. Antipasi alimfunga vifungo.

"Ukifika salimia wote," alisema. "Anza na wakubwa. Mtu anayesalimia hawezi kukataliwa hivihivi."

"Nikikubaliwa sirudi, mzee."

"Ndiyo. Kitanda chako nitahamia mimi. Kina jua."

Kijiji chao kiko mbele ya Sepuka, mwendo wa saa mbili kwa miguu, mahali ambapo mashamba yanateremka kwenda mbugani. Walikuta watu wanavuna. Amosi, kaka mkubwa wa Leonidas, alikuwa uani na mundu mkononi, pamoja na Mtendaji wa kijiji aliyekuwa amepigiwa simu. Mama yao, Elina, alikuwa ameketi kwenye kigoda akipepeta. Nywele zake zilikuwa fupi sana, zinaanza kuota.

Leonidas alishuka garini taratibu, mkono mmoja ukishika shina.

"Shikamoo kaka," alisema.

Amosi alilitazama ua, kisha viatu. Hakuitikia.

"Shikamoo Mtendaji."

Mtendaji alikohoa, akamgeukia Nathan, akamwuliza habari za barabara.

"Shikamoo mama."

Ungo ulisimama. Midomo ya Elina ilifunguka. Amosi akasema, bila kupandisha sauti, "Mama," na ungo ukaendelea.

Nathan alidhani hawakusikia. Alieleza kwamba huyu ni Leonidas, amepona, anaoga, anafanya kazi, ana marafiki, anaomba kurudi kwao.

"Hatukatai kwamba ni yeye," alisema Mtendaji. "Tunamfahamu. Shida ni kwamba tulimzika Januari."

Alieleza vizuri, kama mtu anayesoma muhtasari. Wapimaji wa ardhi walikuwa wamekuja kuandaa hati za kimila za mashamba. Ekari nne za mbugani, zile nzuri kuliko zote za mzee Joseph, zilikuwa zimeandikwa kwa mkono wa mzee mwenyewe kuwa za Leonidas. Wapimaji walisema mwenye shamba awepo, au awe amekufa. Mwenye shamba hakuwepo. Amosi akachagua lililobaki.

Angeweza kurundika kichuguu cha udongo, akawaonyesha wapimaji, yakaisha. Lakini katika ukoo ule hakuna anayejua kufanya msiba nusu. Walichimba futi sita. Katekista aliitwa. Watu walikuja hata kutoka Ikungi, wakala, wakalia, wakanyoa. Jeneza lilichongwa kwa kipimo cha urefu wake, kama walivyoukumbuka, na ndani wakatia koti lake la shule na sahani yake ya bati. Kabla ya kufunika, Elina aliingia ndani, akatoka na mbeleko aliyombebea alipokuwa mchanga. Alisema hawezi kumwacha mtoto ashuke huko bila kufunikwa. Tangu Leonidas apelekwe hospitali, mbeleko hiyo ilikuwa inafungia mbegu za alizeti, na mbegu nyingine zilikuwa bado zimo kwenye mapindo yake.

Antipasi, alipohadithiwa baadaye, alisema ile mbeleko ndiyo kosa. Jeneza, katekista, watu kunyoa, vyote hivyo vingepita. Mama ndiye aliyefanya kaburi lishike.

"Sasa mimi nikiweka muhuri kwamba tunampokea," alisema Mtendaji, "nitakuwa nimewaambia watu wote wale kwamba walilia bure."

"Lakini yuko hai," alisema Nathan. "Amesimama hapa."

"Amesimama, ndiyo. Kwenye muhtasari amefariki."

Amosi aliweka mundu begani. "Mpeleke akaone," alimwambia Nathan. "Asije akafikiri tulimtupa."

Makaburi yalikuwa nyuma ya nyumba, mawili, yamefyekewa vizuri. La mzee Joseph lilikuwa limejengewa saruji. La Leonidas lilikuwa kando yake, upande wa kulia, udongo mtupu, na katikati yake ilisimama alizeti ndefu ya mbegu ya kienyeji. Ua lake lilikuwa limenyofolewa pembe moja, upande wa kulia juu. Upepo ulipolisukuma, la kifuani nalo liliinama.

"Ulimuua," Amosi alimwambia ndugu yake, na ilikuwa mara ya kwanza kumsemesha. "Mimi ndiye niliyemwosha. Sikio moja sikuliona, nilitafuta mpaka jioni. Na bado nikakuweka hapa, mkono wake wa kulia. Nani mwingine angekufanyia hivyo?"

"Hakuna, kaka."

"Basi tulia."

Leonidas alipiga magoti mbele ya kaburi la saruji. Alikaa hivyo muda mrefu, na dereva akaenda kuzima gari. Kisha akasema, "Shikamoo baba."

"Marahaba," alijibu mzee Joseph kutoka chini. Sauti ilikuwa imekauka kidogo, lakini ni ileile aliyokuwa akiitia ng'ombe. "Marahaba, mwanangu. Umekula?"

"Nimekula, baba."

"Haya."

Wote walisikia. Elina, aliyekuwa amewafuata, alikaa chini. Nathan alitoa fomu kwenye mkoba haraka.

"Mtendaji, huyu si ndugu wa damu? Na ndiye aliyekosewa. Kama yeye ameitikia, nani mwingine anaweza kukataa?"

Mtendaji alilifikiria jambo hilo kwa haki. Alisema sahihi ya marehemu haitambuliki, lakini zaidi ya hapo kuna jambo jingine, na akamwangalia Amosi alimalizie.

"Mzee ameitikia," alisema Amosi. "Miaka kumi na mitatu mimi namsalimia hapa kila asubuhi, hajaniitikia hata siku moja. Mama naye vilevile. Leo kamwitikia huyu. Kwa nini? Wafu wanaitikiana. Kama tulikuwa na shaka kwamba tulimzika mtu sahihi, sasa hatuna."

Mtendaji aliona hoja hiyo imekaa vizuri, akaomba kalamu ili aiongeze kwenye muhtasari.

"Fukueni mbeleko," alisema Leonidas. Alisema kwa upole, bado amepiga magoti. "Sitaki shamba, kaka. Lima wewe. Fukueni ile mbeleko tu, na mniitikie."

Elina alinyanyuka akaelekea ukutani lilipoegemezwa jembe. Alilishika mpini. Amosi hakumzuia.

"Ukichimba, mama, wapimaji watafuta walichoandika," alisema. "Wakifuta, ekari nne zinarudi kwa kijiji kwa sababu tulidanganya. Wajukuu wako wanakula pale. Wewe unakula pale."

Elina alisimama na lile jembe kwa muda ambao mtu anaweza kupalilia mistari miwili. Kisha aliliegemeza tena ukutani, kwa uangalifu, lisije likaanguka likapiga kelele.

"Na hii imeshakomaa," alisema Amosi. Alipanda juu ya kaburi la ndugu yake, akashika alizeti shingoni, akakata kwa mundu. La kifuani lilikatika wakati huohuo, likaanguka miguuni kwa Leonidas. Shina lilitoa maji mengi kidogo, mekundu.

"Kata chini zaidi, kaka," Leonidas alimwambia, akiwa amelishika shina kwa viganja viwili. "Ukiacha kisiki kirefu kitaoza."

Amosi aliona ni kweli, akakata chini zaidi. Kisha aliokota maua yote mawili akayatia kwenye gunia lililokuwa na mengine.

Njiani kurudi walianza kuuona mji. Hapo Nathan aliuliza kama Leonidas anaumwa. Leonidas alisema kidogo. Aliuliza kama Nathan anaweza kumpatia shati jingine, hili limeharibika.

Bodi ilikaa Julai. Ilisoma faili la Leonidas kwa dakika ishirini, muda mrefu kuliko la mtu mwingine yeyote. Mjumbe mmoja alisema haiwezekani kumrudisha marehemu kwa familia. Mwingine akasema haiwezekani pia kumshikilia marehemu. Kwa kuwa hapakuwa na utaratibu wa lolote kati ya hayo mawili, waliandika: Aendelee. Leonidas aliuweka mfuko wake chini ya kitanda na kwenda kuosha masufuria, maana ilikuwa zamu yake.

Jumamosi ya tatu ya Agosti, siku ya wageni, Elina alikuja. Alikuwa amepanda basi tangu alfajiri, na kwenye kapu alikuwa na kuku wa kienyeji aliyemkaanga, amefungwa kwenye kanga. Janeth alimwandikisha kwenye daftari la wageni. Ukurasa wenye jina la Leonidas ulikuwa mweupe tangu ulipopigwa mistari.

Leonidas alikuwa uani pamoja na Antipasi, wanamenya viazi. Alipomwona alinawa mikono kwanza.

"Shikamoo mama."

Elina aligeuka akatazama lango, akatazama ukuta, akahakikisha hakuna mtu wa kwao. "Marahaba, mwanangu," alisema. "Marahaba."

Walikula kuku. Antipasi alipewa paja, akalikataa, akapewa tena, akalila. Elina alimshika mwanawe kifuani, palipokuwa na kovu la duara, akalipapasa kwa kidole gumba kama mtu anayetafuta mche.

"Amosi amenituma," alisema mwishowe.

"Ndiyo, mama."

"Kaburi linapumua. Linapanda, linashuka. Watu wanaokwenda kisimani wanaliona, wanaanza maneno. Na wapimaji wanarudi mwezi ujao na hati. Amosi amejaribu kulijengea kama la baba yako. Saruji imepasuka mara mbili."

"Ile ya pili nilikohoa," alisema Leonidas. "Samahani. Kulikuwa na vumbi."

"Fundi anasema inataka siku saba bila kutikiswa. Anamwagilia maji asubuhi na jioni, inakamata. Siku saba tu."

Antipasi aliacha kutafuna. "Mama," alisema, "unamwambia mtoto asipumue?"

"Apumue, mzee wangu. Simwambii asipumue." Elina hakumtazama. Alikuwa anakunja ile kanga, pembe kwa pembe. "Kidogo kidogo tu. Kama alivyokuwa akilala mgongoni kwangu. Nilikuwa nalima kutwa nzima, sisikii hata kama nimembeba."

Leonidas alifikiri. Aliuliza saruji ikishakauka itakuwaje. Elina alisema ikishakauka atakuwa anakuja. Hakusema wapi. Aliuliza tena kama wataweka na jina, na mama akasema ndiyo, fundi ana mwandiko mzuri, wataweka na msalaba.

Janeth alikuwa amesimama mlangoni na ubao wake wa fomu. Mwisho wa mwezi ulikuwa unakaribia na alipenda kumaliza mapema ili arudi kwake Utemini kabla ya giza. Alipofika kwenye ndugu, alisimamisha kalamu. Mgonjwa ametembelewa. Wamesalimiana na kula pamoja. Wamejadiliana jambo la familia bila ugomvi. Aliandika tatu juu ya tano, akapiga mstari chini yake, na alifurahi kwa moyo wote, kwa sababu alikuwa amemwandikia sifuri kwa miaka mingi na mkono ulikuwa umechoka.

Kengele ya wageni iligongwa. Elina alisimama, kapu mkononi. Leonidas alimsindikiza mpaka kwenye mstari mweupe uliochorwa chini, ambao wagonjwa hawauvuki, na hapo akamshika mkono.

"Mwambie kaka wamwage Jumatatu asubuhi, kabla upepo haujaanza," alisema. "Mimi nitalala chali. Mzee Antipasi atanilisha uji. Sitakohoa, mama. Siku zote saba, nakuahidi, hutasikia hata kama umenibeba."